Ni Uganda kaskazini, si Kongo
Hapana mkuu, ile filamu ya hali halisi ya War/Dance haikurekodiwa Kongo kama ulivyosema. Ni Uganda kaskazini, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Patongo, enzi za vita ya Joseph Kony na kundi lake la waasi, LRA. Wale wanafunzi wa kwenye filamu ni Waacholi, kabila la huko, na ile safari yao ni ya kwenda Kampala kwenye mashindano ya kitaifa ya muziki ya shule, mwaka 2005. Niliitazama hapa Kirumba, Mwanza, na jirani anayenunua dagaa soko la Mwaloni, mtu wa Gulu, hukohuko Uganda kaskazini. Bwola, ngoma ya Waacholi, ilipoanza akawa anaitikia huku tonge la ugali limegandia mkononi, sikuhitaji kuuliza ni lugha gani. Ila Oscar haikuchukua, iliteuliwa tu 2008.