Kwa uliyeuliza kuhusu moyo kwenda mbio ilhali vipimo vinatoka safi

Mdogo wangu, umeeleza kwamba una miaka 22, kwamba moyo wako huanza kwenda mbio ghafla hata ukiwa umekaa tu, kwamba umepimwa umeme wa moyo mara tatu na kila mara karatasi ikatoka safi, na kwamba daktari wa mwisho amekushauri upunguze mawazo. Unauliza kama unajitia ugonjwa usiokuwapo. Miaka tisa iliyopita, nikiwa na miaka 23, nilijiuliza swali hilohilo, na sikupata jibu hadi baada ya mwaka na miezi minne.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Nilipoinuka, pigo moja lilikosekana, kisha moyo ukaanza kudunda kwa kasi ambayo vidole vyangu juu ya mshipa wa mkono havikuweza kuihesabu. Shingo nayo ilikuwa ikidunda, tena kwa nguvu kuliko kifua. Baada ya dakika kama kumi na mbili hali hiyo ilikoma mara moja, nikabaki nimechoka kama mtu aliyepanda mlima, na katika saa iliyofuata nilikwenda kukojoa mara tatu. Hilo la kukojoa sikumwambia daktari yeyote, kwa kuwa nililionea haya na sikuona linahusiana vipi na moyo.

Madaktari wa mwanzo sitawalaumu sana, kwa sababu vipimo walivyoagiza vilikuwa vya lazima: wingi wa damu, tezi ya shingo, chumvi za mwilini kama potasiamu, na altrasaundi ya moyo kuangalia kama umbo lake lina kasoro. Upungufu wa damu peke yake unaweza kuufanya moyo ukimbie, na vivyo hivyo tezi inayofanya kazi kupita kiasi, homa, upungufu wa maji mwilini, kafeini nyingi na baadhi ya dawa za mafua au za pumu. Kama lolote kati ya hayo halijaangaliwa kwako, anzia hapo. Kwangu yote yalikuwa sawa, na ndipo neno "wasiwasi" lilipoandikwa kwenye faili langu, na kila daktari aliyefuata alilisoma kabla hajanisikiliza.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza wakati huo ni kwamba kipimo cha kawaida cha umeme wa moyo hurekodi takriban sekunde 10. Siku nzima ina sekunde 86,400. Iwapo moyo wako hukimbia mara mbili kwa mwezi na ukapimwa siku umetulia, karatasi safi inathibitisha tu kwamba wakati huo ulikuwa umetulia. Haisemi lolote kuhusu dakika zile zilizokutisha. Karatasi hiyo ina faida yake, kwa sababu kuna kasoro chache zinazoweza kuonekana hata moyo ukiwa umepumzika, kwa mfano njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, lakini kasoro nyingi za mapigo hazionekani mpaka zinapotokea. Nilivaa pia mashine ya Holter, inayorekodi umeme wa moyo mfululizo, kwa saa 24. Ilirekodi mapigo karibu laki moja, yote mazuri, na nilipoambiwa hivyo nililia, kwa kuwa nilitamani mtu aone ninachokiona.

Kuhusu wasiwasi nitasema wazi, maana ni jambo la kweli na hakuna aibu kuwa nalo. Hofu humwaga adrenalini mwilini na moyo hukimbia kweli. Hata hivyo, kwa kawaida kasi hiyo hupanda na kushuka polepole. Aidha, mtu ambaye moyo wake umefika mapigo 180 kwa dakika bila sababu lazima ataogopa, kwa hiyo kumkuta na hofu hakutoshi kuonyesha kipi kilitangulia.

Daktari wa nne ndiye aliyenisaidia, na hakuanza na mashine. Alisogeza kiti na kuniambia, "Gonga mezani jinsi moyo wako unavyopiga." Niligonga kwa kidole, haraka, bila kupishana. Akaniuliza kama mapigo huanza ghafla au hupanda taratibu, huishaje, kama nayasikia shingoni, na kama baada yake huenda haja ndogo mara nyingi. Nilishtuka kusikia swali hilo la mwisho. Alinieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinapovutwa na shinikizo la mapigo hayo, hutoa homoni inayoamuru figo zitoe maji. Aliniuliza pia kama nimewahi kuzimia, kama hali hii hunipata nikiwa katikati ya mazoezi, na kama katika ukoo wetu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana. Kama jibu lako kwa mojawapo ya hayo matatu ni ndiyo, au kama mapigo huja pamoja na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, usisubiri majibu yetu hapa. Nenda hospitali leo.

Kisha alinipa agizo moja: mapigo yakianza tena, niende mahali popote palipo karibu penye mashine ya kupima umeme wa moyo, niseme mlangoni, "Yanatokea sasa hivi." Wiki saba baadaye nilifanya hivyo. Karatasi ilionyesha mapigo 188 kwa dakika, yamepangana sawasawa. Muuguzi alinipa bomba la sindano tupu nilipulize kwa sekunde 15 nikiwa nimeegemea, kisha wakanilaza haraka na kuninyanyulia miguu. Mara ya kwanza haikufaulu, ya pili moyo ukarudi. Kumbe nilizaliwa na njia mbili za umeme katika kituo cha katikati ya moyo, na mara mojamoja umeme huzunguka humo, ukishuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine. Ni kasoro inayojulikana sana, ambayo mara nyingi hujitokeza ujanani. Mwaka uliofuata nilikubali kuchomwa njia ile ya ziada kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena, matibabu ambayo hufaulu kwa zaidi ya watu 90 katika kila 100, baada ya kuelezwa pia hatari ndogo ya kuumiza njia ya kawaida na kuhitaji kifaa cha kuendesha moyo.

Sisemi kwamba wewe una tatizo langu. Huenda ni mapigo ya ziada yanayokatiza mpangilio, ambayo katika moyo usio na kasoro kwa kawaida hayana madhara. Na kama hukupata zaidi ukisimama, waombe wakupime ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama kwa dakika kumi, maana ongezeko la mapigo 30 au zaidi linalodumu bila shinikizo la damu kushuka lina maelezo yake. Ninachokuomba ni kuandika kila tukio: tarehe, saa, ulikuwa ukifanya nini, lilidumu dakika ngapi. Omba kifaa kinachovaliwa kwa wiki mbili badala ya siku moja. Saa ya mkononi inayochora mstari wa umeme wa moyo pia inafaa, mradi umpelekee daktari mchoro wenyewe, kwa sababu namba ya mapigo pekee haitamtosha.

Umetueleza vizuri jinsi yanavyoanza, lakini hukusema yanavyoisha. Je, hukata mara moja, au hupungua kidogo kidogo? Na shingoni unasikia nini?