Muulize Mjomba: Bando lipo, mtandao hakuna

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi nauza vitenge na mikoba, niko Mwanza, wateja wangu karibu wote nawapata kwenye status ya WhatsApp na Instagram. Ile Oktoba 29, 2025 mtandao ulipozimwa nilikuwa na mzigo njiani kutoka Kariakoo, mteja mmoja alishatuma adivansi, siku zinapita hanipati, mtandao uliporudi nikakuta ameshaniandika tapeli kwenye grupu. Sasa sisi wajasiriamali tuko 60 na kitu, vijana wanataka tuanzishe hashitagi na petisheni, wazee wanasema tunajitafutia matatizo, hakuna serikali iliyowahi kusikiliza hashitagi. Nani mkweli?
Muuza vitenge, Mwanza

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole, hilo la kuitwa tapeli linauma kuliko hela yenyewe.

Wazee wako wana hoja ila hapo kwenye "hakuna" wameteleza. Waambie habari za Kameruni. Januari 17, 2017 serikali ilizima intaneti kwenye mikoa miwili ya wanaoongea Kiingereza, Kaskazini Magharibi na Kusini Magharibi, sababu ilikuwa migomo ya mawakili na walimu, na wakaiacha imezimwa siku 93. Sasa mji wa Buea una vijana wengi wa kompyuta, wenyewe wanapaita Silicon Mountain, wale kazi yao yote iko mtandaoni, ikabidi wawe wanapanda gari hadi Douala, mji mkubwa ambako mtandao haukuzimwa, kutuma kazi za wateja halafu wanarudi, nauli inakula faida yote. Baadaye wakashtuka kwamba kuna kijiji kinaitwa Bonako, kiko pale mpakani na mkoa wa jirani na mtandao unashika, wakakodi chumba, wakaweka modemu, wakabanana humo na laptop zao. Wakakiita kambi ya wakimbizi wa intaneti. Jina hilo tu lilifanya kazi kubwa kuliko tamko lolote, maana waandishi wa nje walikuja kupiga picha chumba chenyewe.

Hashitagi yao ilikuwa #BringBackOurInternet. Na ilikuwa na watu ndani yake, sio maneno matupu. Kulikuwa na kijana wa miaka 17 wa Bamenda aliyeshinda mashindano ya Google ya kuandika programu, alituma kazi yake ya mwisho, kesho yake tu mtandao ukakatwa. Hadithi kama hiyo msemaji wa serikali anaijibuje? Mtandao ukarudishwa Aprili 20. Sikudanganyi kwamba hashitagi peke yake ndiyo iliyorudisha, kulikuwa na mashirika na watu wa Umoja wa Mataifa wanasukuma pia, na Oktoba mwaka huohuo WhatsApp na Facebook zikabanwa tena hukohuko. Ila ilisikika.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka mlifanye kabla ya hashitagi. Nunueni daftari. Kila mmoja kwenye hao 60 aandike mzigo gani, mteja gani, shilingi ngapi, saa ngapi alijaribu kufungua WhatsApp ikagoma. Meseji za M-Pesa msifute, zina tarehe na saa, na ile meseji ya bando ulilonunua likaisha muda bila kutumika pia itunze. Yule mteja aliyekuita tapeli, skrini shoti yake ni dhahabu, usiifute kwa hasira.

Kwa nini nang'ang'ania daftari? Togo walizima mtandao Septemba 2017 wakati wa maandamano, watu wakaenda Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, walalamikaji wakiwa mashirika pamoja na mwandishi mmoja wa blogu ambaye kazi yake ilisimama. Serikali ikasema ni usalama wa taifa. Mahakama ikasema haya, tuonyesheni sheria yenu inayoruhusu kuzima, hawakuwa nayo, na Juni 25, 2020 wakaamriwa kulipa fidia ya faranga za CFA milioni 2. Zimbabwe nako Januari 2019 Mahakama Kuu iliamua kuzima kule kulikuwa kinyume cha sheria kwa sababu waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka hayo. Unaona, hakuna aliyeshinda kwa kusema intaneti ni haki yetu basi, walishinda kwa kuuliza nani alisaini, kwa kifungu kipi, na nani kaumia.

Kwetu pia imejaribiwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zile zilizomtaka mwenye blogu alipie maombi laki 1, leseni milioni 1 na milioni 1 nyingine kila mwaka, zilipelekwa Mahakama Kuu Mtwara na mwezi Mei zikasimamishwa kwa muda, ingawa zuio halikudumu. Kwa hiyo hofu ya wazee msiibeze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, kwa hiyo kila mtu aseme hasara yake mwenyewe aliyoiona kwa macho, video za kuforwadiwa mziache. Na petisheni msiiandike wenyewe usiku kwenye simu, mpelekeeni mwanasheria, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni pa kuanzia.

SWALI: Mjomba, tovuti ikigoma nitajuaje imefungwa au ni mtandao wangu tu?
Fundi simu, Morogoro

JIBU: Fundi unaniuliza mimi! Haya. Kwanza jaribu kwa laini ya kampuni nyingine, ikifunguka huku na kugoma kule ushapata fununu. Halafu kuna programu ya bure inaitwa OONI Probe, unabonyeza inapima tovuti moja moja na majibu yanawekwa hadharani pamoja na jina la mtandao uliotumia, watu wengi wakipima ndio unapatikana ushahidi. Ila ujue anayefuatilia laini yako anaweza kuona unapima, wenyewe OONI wanakuonya kabla hujaanza. Na kuhusu VPN, ile programu ya kupenya tovuti zilizofungwa, kumbuka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba anayeitumia atoe taarifa kwao, amua ukiwa unajua hilo.

SWALI: Waganda walipigana na ile kodi ya WhatsApp, waliambulia nini?
Dereva wa lori, Mutukula

JIBU: Ilianza kwa barua ya Museveni Machi 2018 akilalamikia lugambo, yaani umbea wa mitandaoni, Julai 1 ikaanza kukatwa shilingi 200 kwa siku. Julai 11 watu wakaingia barabarani Kampala wakiwa na Bobi Wine, yule mwanamuziki aliyekuwa mbunge, polisi wakawatawanya, waliobaki nyumbani wakawasha VPN wakagoma kulipa kimyakimya, na huo mgomo wa kimya nadhani ndio uliouma zaidi kwa sababu makusanyo yalikuwa chini sana ya matarajio. Julai 2021 ikafutwa. Badala yake wakaweka asilimia 12 kwenye bando lenyewe, hapo VPN haikusaidii kitu. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021 kuelekea uchaguzi wao, kwa hiyo wewe ukivuka Mutukula mpigie mama watoto simu ya kawaida, asikusubiri Messenger.