Sangara anayekataa chakula kikavu

Ndugu wa Kirumba, umeuliza jinsi ya kumzoesha chakula kikavu sangara wako wa tangini anayetaka furu hai tu. Usimwache ale furu (samaki wadogo) hai kila siku; wanaweza kumletea minyoo na magonjwa. Yeye huwinda kinachotikisika, ndiyo maana chembe kavu (chakula kikavu cha samaki) iliyotulia anaipita tu. Msimamishie chakula siku mbili (akiwa amekonda, usithubutu), kisha mpe vipande vya dagaa wabichi, ukivichezesha kwa kijiti mbele ya mdomo. Sangara wangu alisumbua wiki tatu katika hatua hii. Akishavidaka bila kusita, loweka chembe kwenye maji ya dagaa haohao, uzidondoshe pamoja na vipande, ukipunguza dagaa taratibu. Mabaki yatoe mapema, yanaharibu maji. Halafu fikiria ukubwa wa tangi: sangara anaweza kuzidi urefu wa mita moja.