Mawe ya njano ya Sekenke, na shimo aliloacha Mjerumani

Swali

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa jiografia wilayani Iramba, Singida. Wanafunzi wameniletea mawe ya njano yanayong'aa, wameyaokota kwenye kifusi kando ya shimo la zamani upande wa Sekenke. Picha nimekutumia. Wazee wanasema Mjerumani aliacha dhahabu nyingi chini akaziba. Je, hii ni dhahabu? Mgodi uliachwa kwa nini? Na je, naweza kuwashusha kidato cha tatu wakauone mwamba kwa macho yao? Shimo ni kavu na lina ngazi ya miti.

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo haliwezi kungoja. Usiwashushe, na wewe mwenyewe usishuke. Najua wengi wanaogopa matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta, yaliyooza na mwamba kuporomoka, na wana haki ya kuogopa. Lakini kinachoua haraka zaidi kwenye duara, yaani shimo la mgodi, lililoachwa hakionekani, na kinatokana na hayo hayo mawe uliyonipigia picha.

Nimeikuza picha yako. Jiwe la kushoto lina vipande vyenye pembe za mraba kama dadu, na juu ya kila uso kuna mistari myembamba iliyolala sambamba, kana kwamba mtu kaichora kwa sindano. Hiyo ni pairaiti, madini ya chuma na salfa. Dhahabu ya kwenye mwamba haijipangi hivyo. Mara nyingi hukaa kama punje au nyuzi ndani ya jiwe jeupe la kwatzi, tena ndogo mno hata jicho huipita.

Sasa, pairaiti ikipata hewa na unyevu, huungua polepole bila moto. Inavuta oksijeni, inatoa tindikali ya salfa na kutu. Ukipiga hesabu ya kikemia hadi mwisho, kilo moja ya pairaiti hula karibu kilo moja ya oksijeni, na hiyo ni oksijeni yote iliyomo katika zaidi ya mita tatu na nusu za ujazo za hewa. Fikiria basi kuta za shimo lenye mamia ya kilo za madini hayo, limekaa miongo bila feni wala upepo wa kupita. Matimba yanayooza nayo yanakula oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia chini kama maji kisimani.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikishuka chini ya 10, mtu anapoteza fahamu, na hapati onyo: hakuna harufu, kifua hakibani. Anayeteremka anaanguka, mwenzake anaona ameanguka, anateremka kumwokoa. Ndiyo maana kwenye mashimo ya namna hii hufa watu wawili, watatu kwa mpigo.

Nilipokuwa mgeni kazini, fundi mmoja mzee alinionyesha jambo ambalo sijalisahau. Tulikuwa mdomoni mwa shimo kavu kama hilo lako, lenye ngazi nzima kabisa. Akawasha mshumaa, akauweka ndani ya kopo, akaushusha kwa kamba taratibu huku akihesabu mafundo. Fundo la sita moto ukafifia, ukageuka ulimi mdogo wa buluu. Fundo la saba ukazimika. Akaupandisha, akauwasha, akaushusha tena; ukazimika pale pale. Wala sikuambii hili ili ukajaribu. Mshumaa hauwezi kukuonya juu ya kaboni monoksaidi, ile inayobaki baada ya baruti au pampu ya petroli kuwashwa chini, nayo inaua hata pale moto unapowaka vizuri. Siku hizi tunapima kwa kifaa, na bila kifaa hatuingii.

Tuje kwenye historia, maana wazee wako wana sehemu ya ukweli. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa mwaka 1907, na uchimbaji ukaanza 1909, wakati Reli ya Kati ilikuwa haijafika hata Dodoma. Ni miongoni mwa migodi ya kwanza kabisa ya dhahabu katika nchi yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza wakaziba bahari, na Wajerumani wakaishiwa sarafu. Basi dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, zikagongwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu tupu. Ziligongwa zaidi ya 16,000, na leo watoza sarafu duniani wanazigombania. Septemba ya mwaka huo huo Tabora ikatekwa na Wabelgiji.

Kwa hiyo Mjerumani hakuwa mtu wa kuacha dhahabu, aliyoweza kuifikia aliitoa. Wala hakuwa wa mwisho. Chini ya Waingereza mgodi ulifanya kazi tena, hadi miaka ya 1950.

Kilichofunga migodi mingi ya enzi ile ni hesabu. Tangu 1934 bei ya dhahabu ilifungwa kwenye dola 35 kwa wakia moja, na ikakaa hapo hadi 1971. Mshahara ulipanda, dizeli ikapanda, bei ikabaki pale pale. Halafu kadiri unavyozama, maji yanaongezeka na pampu hailali. Na mwamba wenyewe unabadilika. Juu, ambako hewa na mvua vimeshaozesha pairaiti, jiwe ni jekundu la kutu, na dhahabu yake imeachiliwa, unaisaga na kuiosha kwenye karai. Chini ya usawa wa maji ya ardhini jiwe ni gumu, la kijivu, na sehemu ya dhahabu imefungwa ndani ya pairaiti. Zebaki, ile inayonasa dhahabu iliyo huru, haiishiki. Dhahabu iliyobaki ipo, hilo sibishi. Ila dhahabu iliyobaki si sawa na dhahabu inayolipa.

Kifusi na marudio ya zamani, yaani mchanga uliobaki baada ya kusaga na kuosha, ni jambo jingine. Wengi wanayarudia kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na wanapata. Usiruhusu watoto wayachezee, kwa sababu zebaki iliyotumika zamani ni sumu na haiozi. Na ukiona jiwe la rangi ya fedha linalotoa harufu ya kitunguu saumu ukiligonga, liache, lina aseniki, nayo ni sumu. Madoa ya kijani kwenye jiwe la kulia ni malakaiti, ishara ya shaba. Ni mazuri, lakini hayauziki. Mtu akitaka kuchimba chochote pale, hata kifusi, aanzie kwa Afisa Madini ajue leseni ni ya nani.

Kwa darasa lako, mwamba wauone juu. Chukua mizani ya kuning'iniza ya maabara, funga jiwe kwa uzi, lipime hewani, kisha lipime likiwa limezama kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini. Uzito wa hewani gawanya kwa tofauti ya vipimo viwili. Kwatzi itakupa 2.65, pairaiti tupu karibu 5, dhahabu tupu 19. Halafu sugua jiwe nyuma ya kigae cheupe kisichopakwa rangi ya kung'aa: pairaiti huacha mstari mweusi, dhahabu huacha wa njano. Gonga kipande kwa nyundo, macho yakiwa yamefunikwa: pairaiti hupasuka vumbi, dhahabu hulala bapa. Ukipata jibu la ule mgawanyo kati ya 3 na 4, huenda una kwatzi na pairaiti pamoja, na hilo ndilo jiwe la kuleta hapa Dodoma, kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia, maana jicho haliwezi kukuambia kilichofungwa ndani yake.