Keekee ya babu: niitoe kutu au niiache?

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Kwenye sanduku lake nimekuta keekee (chombo cha kutobolea mbao kwa uta), tezo mbili, chembeu ya kukalafatia, yaani ya kuziba nyufa za jahazi, na randa ya chuma iliyoandikwa BAILEY. Vyote vimeshika kutu. Rafiki yangu hapa Malindi ana grainda, anasema ataving'arisha kwa saa moja. Mwingine anasema nivilaze kwenye siki. Nifanyeje? Na nitajuaje vina umri gani?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu amrehemu babu. Grainda isilikaribie sanduku hilo. Nilipokuwa najifunza kazi niliipitisha patasi ya mwalimu wangu kwenye jiwe la umeme ili nimfurahishe. Iling'aa, lakini jina la mtengenezaji lililopigwa karibu na mpini likafutika, na ncha ikageuka buluu, maana joto lilikuwa limeua ugumu wa chuma. Mwalimu aliigeuza mkononi, akairudisha kabatini bila kusema neno.

Pitisha kidole juu ya kutu. Ile ya rangi ya chungwa inayobaki kidoleni kama unga bado inakula chuma, hiyo iondoe. Weusi ulioshikamana na chuma, laini kwa kidole, ni ngozi ya miaka mingi. Uache. Siki haijui tofauti: inakula vyote viwili, kisha asidi inabaki kwenye vishimo na kutu inarudi.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Hujificha chini ya kutu ikavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana chombo ulichosafisha Ijumaa hii huweza kutoa madoa Ijumaa ijayo. Sugua taratibu kwa stilwuli laini iliyotiwa mafuta ya cherehani, osha mafuta kwa sabuni, halafu laza chuma peke yake kwenye maji ya mvua yenye magadi ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne. Magadi huzuia chuma kisishike kutu wakati chumvi inatoka. Badilisha maji kila siku kwa siku kadhaa. Suuza, kausha juani mpaka chuma kipate moto, kisha kipake mafuta. Mbao usizilaze majini kabisa. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha nta ya nyuki.

Sasa keekee, ambayo kwangu mimi ndiyo johari ya sanduku. Hakikisha imetimia: chuma cha kutobolea, msukano, yaani mti kinamoshikizwa, jivu, yaani kishikio kinachoshikwa juu wakati msukano unazunguka, na uta na ugwe wake. Tafuta uta kila pembe ya nyumba. Ukiwa peke yake unafanana na kijiti tu, na nyuta nyingi zimeishia jikoni kuwa kuni. Kisha utazame msukano kwenye mwanga wa dirisha: utaona mfereji mwembamba, unaong'aa, mahali ugwe ulipozunguka kwa miaka. Babu alitoboa kwanza ndipo akapiga msumari, kwani ubao mgumu ukipigwa msumari bila tundu hupasuka. Mfereji ule ni kazi yake. Msasa usiuguse. Ugwe ukiwa umekatika funga mpya, lakini wa zamani uweke kwenye mfuko pamoja na keekee.

Vyombo vya namna hii mara nyingi fundi alijitengenezea au alifuliwa na mhunzi wa karibu, kwa hiyo usitarajie kukuta mwaka umeandikwa. Waulize wazee wa Matondoni wangali hai: nani aliishika kabla ya babu, na kwa jahazi gani? Andika majibu, uyaweke sandukuni.

Randa ina habari zaidi. Bailey ni Leonard Bailey, Mmarekani aliyebuni muundo huo. Kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869. Fungua chuma cha kukatia utazame kitako cha chini. Ukikuta tarehe za hataza (haki ya uvumbuzi), ya mwisho ikiwa Aprili 1910, ujue tu kwamba haikutengenezwa kabla ya hapo. Wengi huisoma kama tarehe ya kuzaliwa kwa randa, na si hivyo. Ikiwa imeandikwa MADE IN ENGLAND, haitangulii miaka ya 1930. Randa hizi zina namba za ukubwa, na namba 4 ziko nyingi duniani. Wanayoisaka wakusanyaji ni namba 1, yenye urefu wa inchi tano na nusu, nayo hughushiwa sana.

Akija mnunuzi wa kutoka nje, usikubali haraka. Kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Keekee ya babu wa babu yaweza kufika huko. Ukija Lamu, ibebe uionyeshe makumbusho pale ufukoni, na uta wake usiusahau Malindi.