Muulize Dokta: "Kafungua simu mbele yangu, kwani hajui kazi?"

SWALI: Shikamoo dokta. Nina dokta wangu wa familia tangu zamani na namuamini sana, ila juzi nimeenda kwake moyo unanisumbua, kuna muda ni kama unaruka pigo moja halafu unarudi, nikamwambia nataka dawa ya kuutuliza. Akanisikiliza, akanipima mpaka kipimo cha moyo, halafu akachukua simu akawa anasoma mbele yangu kama dakika mbili hivi, mwisho akasema dawa hanipi. Nimerudi nyumbani sina raha. Mtu kasoma miaka yote hiyo bado anaangalia simu? Na kama moyo unaruka kweli, kwa nini asinipe kitu cha kuuzuia?

JIBU: Marahaba, na pole kwa wasiwasi. Nianze na simu maana naona ndo iliyokuumiza zaidi.

Dokta wa familia anaona kila kitu, mtoto mwenye homa, mzee wa presha, mama mjamzito, kijana wa vidonda vya tumbo, wote asubuhi moja. Kuna utafiti uliofanyika Marekani ukachapishwa 1999, watafiti waliwafuata madokta wa familia zaidi ya 100 wakiwa kazini kabisa, wakakuta kwa kila wagonjwa 10 dokta anajikuta na maswali kama 3 ambayo jibu lake halipo kichwani. Hilo halikunishangaza. Kilichonisikitisha ni kwamba mengi ya maswali hayo hawakuyatafutia jibu, yalipita tu, mgonjwa akaondoka na kile dokta alichokuwa amezoea kumpa kila mtu. Sasa wako kasimama, katafuta, tena mbele yako bila kujificha. Mi dokta wa hivo namheshimu.

Na usidhani anasoma kitu chochote tu kilichopo mtandaoni. Mara nyingi anafungua mwongozo wa matibabu, au muhtasari wa watu ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote za swali moja, zilizotoa majibu mazuri na zilizotoa mabaya, wakazipima ubora halafu wakasema zote kwa pamoja zinaonyesha nini. Cochrane ni mojawapo, ilianza 1993. Hamna binadamu anayeweza kusoma kila utafiti unaotoka, ndo maana kazi hiyo inafanywa na wengi kwa ajili ya mmoja aliye kliniki na foleni nje.

Haya, tuje kwenye moyo, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu swali lako limegusa kisa ambacho kila dokta angetakiwa akijue. Zamani ilijulikana kwamba watu waliopata shambulio la moyo halafu wakabaki na mapigo yanayoruka ruka wako kwenye hatari kubwa ya kufa. Dawa za kutuliza yale mapigo zilikuwepo, na zilifanya kazi, ukipima unaona kabisa mapigo yametulia. Kila mtu akaona hesabu imekamilika, mapigo mabaya yanaua, dawa inaondoa mapigo mabaya, basi dawa inaokoa maisha, na watu wengi sana wakapewa. Mpaka ukafanyika utafiti unaoitwa CAST, wagonjwa wakagawanywa kwa bahati nasibu, hawa dawa ya kweli, hawa kidonge kisicho na dawa ndani, na si mgonjwa wala dokta wake anayejua nani kapata kipi. Majibu ya kwanza yalitoka 1989, na ripoti kamili ya dawa mbili kati ya zilizojaribiwa ikatoka 1991. Kwenye watu 755 waliomeza dawa walikufa 63, kwenye 743 waliomeza kidonge kitupu walikufa 26. Muda wenyewe wastani wa miezi 10 tu. Mapigo yalitulia vizuri kabisa na waliokufa wakawa zaidi ya mara mbili ya wale wa kidonge kitupu, na madokta walioziandika walikuwa madokta wazuri tu wenye nia njema na mantiki iliyonyooka.

Kwa hiyo dokta anapojizuia kukuandikia dawa ya "kutuliza" kitu kinachoonekana kwenye kipimo, usimuone mvivu. Anajiuliza swali zito zaidi, hii dawa itakufanya uishi vizuri au itanyoosha mchoro wa kwenye karatasi tu?

Ila hujaniambia kama umewahi kupata shambulio la moyo, na wale wa CAST wote walikuwa wamepata. Kwa moyo ambao hauna ugonjwa, pigo la kuruka mara moja moja ni jambo la kawaida na mara nyingi halina madhara. Ukizimia, ukibanwa kifua, ukikosa pumzi, au kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, hapo usisubiri, nenda siku hiyo hiyo. Vinginevyo ukirudi kwa dokta wako muulize tu, "ulisoma nini, na kinanihusu vipi mimi?" Hapo nitakulaumu wewe kidogo na yeye zaidi, maana angekugeuzia ile simu mkasoma wote. David Sackett, mmoja wa waliosimamisha hii njia ya kutibu kwa ushahidi, aliandika na wenzake mwaka 1996 kwamba ni mambo ya kuunganisha, ushahidi bora wa tafiti pamoja na uzoefu wa dokta, na mgonjwa mwenyewe na anachokitaka vizingatiwe. Wengi wanakumbuka la kwanza tu.

SWALI: Dokta nakohoa siku ya 9 leo, makohozi yamekuwa ya njano, dokta wa familia kanigomea antibayotiki kasema tafiti hazikubali. Tafiti zinanijua mimi?

JIBU: Pole sana kaka. Hazikujui kwa jina, ila zimewafuatilia wengi wenye kikohozi kama chako. Kikohozi cha mafua yaliyoshuka kifuani, bila nimonia, kwa wastani kinachukua kama siku 18 kuisha, wakati wengi wetu tukiulizwa tunasema wiki moja. Sasa wewe siku ya 9 unaona kimegoma kumbe uko katikati. Antibayotiki ikilinganishwa na kidonge kitupu inapunguza kama nusu siku, na kwa hiyo nusu siku unaweza kupata kuharisha, vipele, na bakteria wanaozoea dawa. Rangi ya njano peke yake haisemi kuna bakteria.

Lakini dokta kusema "tafiti hazikubali" halafu akanyamaza, hiyo sio sawa, angekwambia na lini urudi. Ukipumua kwa shida, ukitoa damu, homa ikapanda tena baada ya kushuka, au kifua kikichoma ukivuta pumzi, rudi haraka. Na kikipita wiki 2 rudi hata kama unajisikia nafuu, inawezekana ni hiki hiki tu kinamalizikia, ila TB lazima ipimwe.

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 79, ana sukari, presha, mifupa na magoti. Kila kliniki wanaongeza dawa na kila mmoja anasema ndo mwongozo unavyotaka. Mama amechoka, saa ingine anapata kizunguzungu akisimama. Dokta wa familia nikimwambia tupunguze ntaonekana najifanya najua?

JIBU: Marahaba dada, na hongera kwa kumwangalia mama. Hutaonekana hivo, na kama utaonekana basi sawa, sema tu.

Miongozo mingi imeandikwa kwa ugonjwa mmoja mmoja. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichukua mgonjwa wa mfano, bibi wa miaka 79 kama mama yako, wakampa magonjwa 5, sukari, presha, mapafu, mifupa na maungio, halafu wakafuata kila mwongozo kama ulivyoandikwa. Bibi akaishia na dawa 12 kwa ratiba ngumu, juu yake masharti kibao, na mengine yanagongana yenyewe kwa yenyewe. Kila mwongozo ukiusoma peke yake uko sawa. Tatizo mama ni mmoja, na wazee wenye magonjwa mengi ndo hao hao mara nyingi wanaachwa nje ya majaribio ya dawa, kwa hiyo namba zinatoka kwa watu wenye afya kuliko yeye.

Hapo dokta wa familia ndo mahali pake, kwa sababu yeye anaona mtu mzima mzima na sio kiungo kimoja. Beba dawa zote kwenye mfuko, na za kienyeji kama zipo, ziwekwe mezani, kila moja iulizwe ni ya nini na kati ya watu 100 kama mama wanaoimeza ni wangapi inawasaidia na baada ya muda gani. Usikubali jibu la "inapunguza hatari kwa asilimia 50" likaishia hapo. Kama hatari ilikuwa watu 2 kwa 100 ikawa 1, hiyo ni asilimia 50. Kama ilikuwa 40 ikawa 20, hiyo nayo ni 50, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mzee anayepata kizunguzungu.

Halafu mama aongee mwenyewe. Kuna mzee atakwambia bora kizunguzungu kuliko kiharusi, mwingine anataka aweze kutembea mpaka nje bila kuanguka basi, na dokta hawezi kulijua hilo kwenye utafiti wowote. Apimwe presha akiwa amekaa na akisimama, naona hapo ndo pa kuanzia.

Ila kabla hamjamwona dokta msiache kitu. Baadhi ya dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, na zile za usingizi kama anatumia, zikikatwa ghafla zina madhara, zinashushwa dozi kidogo kidogo na dokta akiwa anafuatilia.