Tunajuaje kwamba jike ndiye anayechagua?

Mwanangu,

Umeniuliza: ikiwa uteuzi asilia huondoa kila kinachomlemea mnyama, mkia wa tausi umesalia vipi? Tena, nani alithibitisha kwamba jike huchagua, na si kwamba madume hupigana tu na mshindi akajitwalia majike?

La kwanza Darwin alilijibu mwaka 1871. Kuishi peke yake hakutoshi. Lazima mnyama azae. Dume anayekufa mapema akiwa ameacha watoto wengi amerithisha zaidi kuliko dume mzee asiye na mtoto. Kwa hiyo sifa inayofupisha maisha inaweza kuenea, mradi faida yake katika uzazi inazidi hasara. Pembe na mapigano watu walivikubali upesi. Uamuzi wa jike ndio uliowashinda, hata Wallace, aliyeufikia uteuzi asilia kivyake sambamba na Darwin, akaupinga.

Swali lako la pili ndilo gumu, na jibu lake ninalolipenda kuliko yote lilitoka Kinangop, Kenya. Huko yuko ndege mweusi wa nyikani ambaye dume wake ana mkia wa karibu sentimita 50. Malte Andersson, mwanabiolojia wa Sweden, alichukua madume 36, akawagawa makundi manne. Wa kwanza aliwakata mikia ikabaki kama sentimita 14. Vipande alivyokata akawagundishia wa pili, mikia yao ikarefuka kwa takriban sentimita 25. Wa tatu aliwakata, kisha akawarudishia mkia wao wenyewe kwa gundi. Wa nne hakuwagusa mikia. Kundi la tatu watu hulipuuza, nalo ndilo linaloshikilia jaribio zima: bila hilo ungesema ni gundi au usumbufu wa kukamatwa uliobadilisha matokeo. Tena alihesabu viota vya majike katika eneo la kila dume kabla ya kukata na baada ya kukata, ili eneo zuri lisidhaniwe kuwa ni mkia mzuri.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Waliorefushwa mikia walipata viota vipya vingi kuliko wengine. Na waliokatwa hawakunyang'anywa maeneo yao, maana yake mkia haukuwa silaha dhidi ya madume wenzao. Aliyekuwa anautazama ni jike.

Jike anapata nini? Pengine dume anayelea vizuri, pengine jeni za afya. Au, kama mwanabiolojia Ronald Fisher alivyoeleza, watoto wa kiume watakaopendwa nao: jeni za kupenda mkia mrefu na jeni za kuwa nao hurithiwa pamoja, kila moja ikiivuta nyingine. Usilazimishe maelezo moja kwa wanyama wote.

Kinachouzuia mvutano huo ni gharama. Kule Panama yuko chura mdogo ambaye dume huongeza mlio mfupi mwishoni mwa wito wake. Majike huupenda, lakini popo mla vyura naye huufuata.

Upendeleo unaweza pia kulinda mpaka kati ya spishi. Katika Ziwa Victoria, samaki waitwao furu, wekundu na wa buluu wa jamii moja, hutenganishwa sana na macho ya jike. Chini ya taa inayoficha tofauti ya rangi, majike mara nyingi walishindwa kubagua. Maji ya ziwa yakichafuka na mwanga kupungua, mpaka huo hulegea na spishi huchanganyika, hata kama hakuna samaki aliyevuliwa.

Ukitaka kupima uchaguzi wa samaki, weka jike katikati ya tangi na dume kila upande nyuma ya kioo, madume wawe wa ukubwa mmoja. Mwache azoee, kisha pima muda anaokaa karibu na kila mmoja. Halafu wabadilishe madume pande na upime upya, kwa sababu majike wengi hupenda kona fulani ya tangi. Asiyemfuata dume alipohamishwa alikuwa anachagua kona. Na jike mmoja aliyepimwa mara kumi bado ni jike mmoja katika hesabu yako.

Baba yako